Muthokoi wa Kapteni

Nilipata habari za kifo cha Kilonzo kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu waliowahi kuishi Mbotela, katikati ya tangazo la mtu anayeuza viti vya plastiki na picha ya mbwa aliyepotea. Mtu aliandika tu kwamba Kapteni ametuacha, na chini yake wakafuatana wale wa kuandika poleni. Sikulia. Nikisema nililia nitakuwa mnafiki, na kwa umri niliofika sioni sababu ya unafiki. Lakini siku ya matanga nilitoka Kayole mapema, nikafika Mbotela nikakuta hema limeshasimamishwa katikati ya nyumba na wanawake wanamenya viazi. Hakuna aliyenikaribisha na hakuna aliyenifukuza. Mwanamke asiye na kazi matangani hutazamwa vibaya, kwa hiyo nikachukua mwiko nikasimama nyuma ya sufuria ya wali. Kijana mmoja aliyevaa kofia akaja na sahani mpaka mbele yangu, akanitazama usoni, akageuka akaenda kwenye foleni ya sufuria nyingine. Nikamsikia akimwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Huyo mathe ndiye alimwekea Kapteni kitu kwa dishi huko Namanga. Sasa unataka nikule hapo?" Mwenzake akacheka, naye akahama foleni.

Kijana huyo hakuwa amezaliwa mambo hayo yakitokea. Pengine hata mama yake alikuwa bado anavaa sare ya shule. Lakini hadithi alikuwa nayo, imekamilika, na jina langu ndani yake. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikashangaa jinsi hasira ilivyonipanda ikiwa mbichi kabisa. Magoti yangu yamezeeka, macho yangu yamezeeka, hasira ile haikuzeeka hata kidogo. Niliuweka mwiko juu ya kifuniko, nikaondoka kabla ya maombi. Mke wa marehemu aliniona nikitoka na hakuniita. Basi kwa kuwa aliyepika ni mimi, acha niseme nilichopika.

Mwaka ule nilikuwa nikisambaza mkate kwa baiskeli. Nilikuwa na sanduku kubwa la bati nyuma, limefungwa kwa mipira ya tairi kuukuu, na kila asubuhi nilizunguka vioski vya Mbotela, Makongeni, Maringo na Jericho kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Wanaume wa kazi hiyo walikuwa wengi. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na nilitukanwa vya kutosha kuanzia Jogoo Road mpaka soko la Jericho. Jumapili baada ya ibada nilikuwa nawafuata watu wa klabu ya baiskeli ya mtaani, ambao walikuwa wakienda mpaka Athi River na kurudi. Hawakunialika. Nilikuwa nafika wakati wao wanaondoka, nakaa nyuma yao, na hawakuweza kuniacha. Kiongozi wao alikuwa Kilonzo, karani wa ofisi fulani mjini, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kutoa amri, na kila mtu pale mtaani alimwita Kapteni. Msaidizi wake alikuwa Yusuf, ambaye nyumbani kwao waliuza vitambaa, kijana mpole asiyependa kugombana na mtu yeyote kwa jambo lolote. Zamani nilidhani huo ni wema.

Kapteni alikuwa ametangaza kwamba klabu itapeleka watu watatu Lusaka kwa baiskeli, kupitia Namanga, Arusha, Dodoma na Mbeya. Hakuna mtu wa Mbotela aliyewahi kufanya kitu kama hicho. Mtu wa tatu alikuwa fundi mmoja wa Maringo, lakini wiki chache kabla ya safari alianguka akavunjika mfupa wa bega. Nilikwenda kwa Kapteni jioni ile ile nikamwambia nafasi hiyo anipe mimi. Sikuomba vizuri, najua. Nilisema kama mtu anayedai. Lusaka yenyewe sikuijua, wala sikuwa na mtu huko. Nilichotaka ni kuendesha njia nzima, kufika, na kurudi mtaani watu wanione nikirudi. Nilitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote, na mpaka leo sina maelezo mazuri zaidi ya hayo. Akasema watalizungumza.

Walilizungumza chumbani kwake. Nyumba zile za kansoli, za halmashauri ya jiji, wasiozijua watadhani nazidisha: chumba kimoja, pazia la maua linakigawa mara mbili, nyuma ya pazia kitanda, mbele viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na ukutani Kapteni alikuwa amebandika ramani yenye mstari mwekundu alioupiga mwenyewe kwa rula. Jikoni kulikuwa kwa nje, kwa pamoja na majirani, na ukuta uliotenganisha jiko na chumba chake haukuzuia hata kikohozi. Mke wake hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo niliambiwa nichemshe chai wakati wanaume wanaongea. Nilikuwa nimeinama nikipuliza makaa niliposikia Kapteni akisema, "Tutaenda na yeye mpaka Namanga. Mzee Mbuvi atakuwa anapita hapo na lori akitoka Arusha, atamrudisha nyumbani. Kanisa limeshatangaza watu watatu, siwezi kuondoka na wawili." Yusuf akauliza, taratibu kama kawaida yake, itakuwaje nikikataa kurudi. "Akatae aende wapi?" akasema Kapteni. "Pasipoti zote nitakuwa nazo mimi." Nikatia majani, nikatia sukari, nikabeba sinia nikaingia. Nikawapa chai, wakanishukuru.

Watu wawili watatu niliowahi kuwasimulia haya wameniuliza kwa nini sikumwaga ile chai mapajani mwao. Wazo lilikuja, sikatai. Lakini ningefungua mdomo pale, nisingefika hata Athi River. Nikijifanya sijui, nilikuwa na siku kadhaa za barabara mbele yangu, na nilikuwa na ujinga wa kuamini kwamba wakiniona nikipanda vilima na mzigo watabadili nia. Nilikuwa sijajua bado kwamba mtu akishaamua wewe ni nani, hata umfanyie kazi mara mbili ataiona kama kazi aliyokuwa ameshakupangia.

Kanisa lilituombea Jumapili. Akina mama wa chama walikuwa wamefuma sweta tatu za bluu, zote za kipimo cha Kapteni, na yangu ilinifika magotini. Yusuf, Mwislamu wa watu, alisimama mbele na kofia yake, viganja wazi, akasema amina kwa adabu kila ilipohitajika. Mchungaji aliweka mkono juu ya usukani wa kila baiskeli, akamwomba Mungu awalinde vijana wetu hawa wawili, na dada yetu anayekwenda kuwahudumia. Watu wote wakaitika. Nilifungua macho nikamtazama Kapteni, naye alikuwa amefumba yake kwa nguvu.

Sasa nifike kwenye chakula. Kapteni aliamini kwamba hakuna safari inayoendeshwa bila muthokoi. Sisi watu wa Ukambani muthokoi tunaupenda. Mahindi yaliyotwangwa yakatoka ganda, yakachemshwa na maharagwe mpaka yalainike, ukilala umeshiba unaamka umeshiba. Lakini ni chakula cha mtu aliyekaa. Kinataka makaa mengi, maji mengi, na nusu ya siku jikoni. Nilimwambia hivyo mbele ya klabu nzima, nikasema tubebe unga, au tule vibandani njiani kama watu wengine. Alisema wali ni chakula cha wagonjwa, ugali wa unga wa dukani ni hewa, na vibandani utakula mikono ya watu usiowajua. Kisha akatoa hesabu yake, ambayo wote waliipigia makofi: muthokoi na maharagwe vitalowekwa alfajiri ndani ya debe la plastiki lenye kifuniko, debe litafungwa nyuma ya baiskeli, na tukifika jioni jua la Kajiado litakuwa limepika nusu. Hakuna aliyeuliza baiskeli ya nani. Debe, jiko, kigunia cha makaa, sufuria na mfuko wa mahindi vikaja kwangu. "Wewe si umezoea mkate," Kapteni akasema. Wao walibeba nguo zao, pampu na mipira ya akiba.

Tuliondoka asubuhi, watoto wakitukimbilia mpaka Jogoo Road, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Iliisha kabla ya Kitengela. Upepo wa tambarare ile unakuja kifuani na hauna adabu, na malori yalikuwa yakitupita karibu kiasi cha kunivuta, madereva wakitoa vichwa kunipigia kelele kwamba nishuke nikapike nyumbani. Hawakujua kwamba jikoni nilikuwa nimekuja nako. Wanaume wale wawili walitangulia, nikawa naona migongo ya sweta mbili za bluu ikipungua mbele yangu, na kila nilipowakaribia walikuwa wamepumzika vya kutosha, wanapanda wanaondoka. Maji ya kwenye debe yalikuwa yakienda huku na huku, nikienda kulia yananivuta kushoto. Sikuomba wanisubiri. Kulikuwa na sheria ya klabu kwamba anayebaki nyuma hasubiriwi, na nilijua wanangoja nilalamike ili waseme unaona.

Tulilala Isinya, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mnene aliyeketi mlangoni akichambua mboga. Alitutazama sote watatu akauliza mimi ni bibi ya nani kati ya hawa. Kapteni akasema, "Si bibi ya mtu. Ni mpishi." Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akawapa wao chumba chenye vitanda viwili na mimi akanionyesha stoo, kati ya magunia ya vitunguu. Nilipika uani, nimechuchumaa, mapaja yakitetemeka yenyewe. Muthokoi haukuwa umepikwa nusu na jua lolote. Ulikuwa mgumu vile vile. Walikuja kuuliza mara tatu kama umeiva. Ulipoiva walikula wamekaa kitandani, mlango wazi, na neno moja tu nililopata kutoka ndani ni chumvi. Baadaye nikiwa stoo niliwasikia wakicheka kupitia ukuta, Kapteni akiiga ninavyokanyaga pedali na sweta langu la magotini. Yusuf alikuwa akicheka pia, kicheko kidogo cha mtu anayelipia kiti chake. Nilivuta harufu ya vitunguu nikajiambia: Namanga bado.

Siku ya pili ndiyo ya debe. Niliuloweka muthokoi alfajiri kama nilivyoagizwa, tukapita Kajiado jua likiwa limeshapanda, na kutoka hapo mpaka Bisil hakukuwa na kivuli cha kumfaa hata mbuzi. Mchana debe lilianza kutoa mlio mdogo kwenye kifuniko. Nilipolifungua Bisil, kwenye uga wa nyumba tuliyofikia, povu lilipanda likamwagika kwenye viatu vyangu, na harufu yake ilikuwa ya pombe ya busaa ya siku tatu. Maharagwe yalikuwa yanateleza kwa ute. Nilimwita Kapteni. Nikamwambia umechacha, haufai, nitaumwaga, hapo ng'ambo kuna kioski kinauza chapati. Alikuja akachungulia kutoka mbali, kama mtu anayechungulia kisima. Alisema muthokoi hauwezi kuchacha kwa siku moja, kwamba mama yake alikuwa akiloweka tangu Jumamosi mpaka Jumapili. Nikamwambia mama yake hakuwa ameuweka juani nyuma ya baiskeli.

Hapo ndipo alipokasirika, kwa sababu nilimtaja mama yake, au kwa sababu wenye nyumba walikuwa wanasikiliza. "Unajua shida yako, Mueni?" akasema. "Wewe ni mvivu na umechoka, na hutaki kusema umechoka. Osha, pika, na uache maneno."

Nikamgeukia Yusuf, aliyekuwa amesimama karibu kabisa na debe. Nilimwambia anuse. Alinusa. Nilimwona uso ukikunjika, nilimwona akimeza mate. Kisha akasema pengine ukiiva utakuwa sawa. Nikauosha mara nne, nikaupika mpaka makaa yakaisha, nikawapakulia. Kapteni alikula sahani mbili, akitafuna kwa makusudi huku akinitazama. Yusuf alionja vijiko viwili, akasema leo hana njaa sana, akasukuma sahani yake pembeni. Mimi nilikwenda ng'ambo nikala chapati kavu nimesimama.

Nimeishi miaka mingi na swali la kwa nini nilipika, na nataka lieleweke kwamba halinisumbui. Nilisema mara ya kwanza, nikasema mara ya pili mbele ya shahidi, na mwanamume mwenye akili timamu akaagiza apikiwe alichoagiza. Kinachonisumbua ni Yusuf. Kapteni alikuwa mkaidi, na mkaidi unamjua. Yule mwingine alijua ukweli kwa pua yake mwenyewe, akauficha kwenye sahani iliyojaa, na aliporudi mtaani baadaye, watu wakimuuliza kama ni kweli nilimwekea Kapteni kitu, alikuwa akijibu kwamba yeye hakuona vizuri. Neno moja lake lingemaliza hadithi hiyo. Hakulisema, na kwa hiyo mpaka leo kijana wa kofia anajua sufuria ya kukimbia.

Asubuhi iliyofuata, kabla hatujamaliza hata kilima cha kwanza kutoka Bisil, Kapteni alisimamisha baiskeli, akaingia nyuma ya kichaka. Akatoka, akapanda, akasimama tena. Mimi sikusimama. Sheria ilikuwa anayebaki nyuma hasubiriwi, na kwa mara ya kwanza tangu Mbotela barabara mbele yangu haikuwa na mgongo wa mtu. Debe lilikuwa tupu na makaa yalikuwa yameisha, baiskeli ilikwenda kama imeachiliwa. Niliendesha huku nikiimba kwa sauti, na sitaki kudanganya kwamba nilikuwa namwonea huruma. Nilifurahi. Nilifika Namanga peke yangu, nikakaa kwenye ukuta wa nyumba ya wageni nikiwangoja, na walipofika Kapteni alikuwa anasukuma baiskeli, midomo imepauka, Yusuf amembebea mfuko.

Alilazwa kwenye chumba cha rangi ya samawati kilichonuka dawa ya kusafishia sakafu. Mganga wa zahanati alikuja akamtazama, akauliza alikula nini, akasema ni chakula kilichoharibika, anywe maji ya chumvi na sukari, asiendeshe chochote kwa siku kadhaa. Alilisema hilo waziwazi, sote tukiwa pale. Alipotoka tu Kapteni alinigeuzia macho, akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Uliniwekea nini?" Nikamwambia nilimwekea alichoagiza. Yusuf alikuwa mlangoni, anatazama viatu vyake. Nilimpa nafasi ya kusema. Nilihesabu kimoyomoyo kama mtoto anayecheza kujificha, nikafika mbali, na bado alikuwa anatazama viatu.

Mzee Mbuvi alifika na lori lake kesho yake mchana, ametoka Arusha, mtu wa watu mwenye meno machache na ucheshi mwingi. Aliingia uani akatutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Kapteni aliyekuwa ameketi kwenye ngazi amejifunika blanketi. "Niliambiwa nibebe msichana," akasema. "Kumbe ni huyu?" Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na nilicheka vibaya. Basi hapo Kapteni akatoa uamuzi, mbele ya mzee na mwenye nyumba na wapita njia. Safari imeahirishwa. Tunarudi sote. Baiskeli zote tatu zipandishwe, na Mueni atakaa naye nyuma ya lori amsaidie njiani, kwa sababu mgonjwa anahitaji mtu wa kumshika. Yusuf alikwishaanza kufungua mizigo yake.

Kapteni akaniagiza nikamletee sweta lake chumbani, kwenye mfuko. Nikaingia, nikafungua mfuko, na chini ya sweta zilikuwepo pasipoti tatu zimefungwa kwa mpira. Nikatoa yangu, nikafunga mbili zilizobaki kama zilivyokuwa, nikampelekea sweta lake. Kisha nikaenda kwenye baiskeli yangu nikaanza kufungua kamba. Nikashusha jiko. Nikashusha debe, sufuria, kigunia kitupu na kile kimfuko cha muthokoi kilichobaki, nikavipanga vyote karibu na gurudumu la lori. Mzee Mbuvi aliuliza avipandishe wapi. Nikamwambia ni vya Kapteni.

Kapteni aliinuka kutoka kwenye ngazi. Sikudhani ana nguvu za kutembea, lakini alitembea, blanketi likiburuta, akashika usukani wa baiskeli yangu kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeshakaa juu ya kiti. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kuona chumvi ya maji ya dawa kwenye midomo yake. Akaniambia baiskeli ni ya klabu. Nikamwambia ni ya mkate, niliinunua kabla sijajua klabu, na yeye anajua. Akasema kama nitavuka hapo peke yangu, nisirudi Mbotela, kwa sababu atawaambia watu mimi ni mtu wa aina gani. Nikamwambia awaambie.

"Wewe ulikuja kutupikia," akasema.

"Nilijua tangu siku ya chai," nikamwambia. "Nilisikia kila kitu, Kapteni. Namanga ndiyo hii. Achilia."

Hakuachilia. Tulikaa vile, yeye ameshika, mimi nimeshika, na mama aliyekuwa akifagia ameacha kufagia. Nilikuwa tayari kukaa pale mpaka jioni. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na naamini naye alinichukia hivyo hivyo, na ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana kama watu wawili. Kisha nikaona macho yake yakibadilika. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akakaza, akakaza tena, vidole vikawa vyeupe kwenye usukani wangu, halafu akaachia yote kwa pamoja akakimbia kuelekea chooni, amekusanya blanketi mapajani. Mzee Mbuvi aligeuza uso kwa heshima. Nilimuuliza Yusuf kama anakwenda au anarudi. Akasema Kapteni hayuko sawa, ngoja aangalie kwanza. Sikungoja aangalie.

Afisa wa upande wa Kenya hakuinua hata kichwa. Wa upande wa Tanzania aliinua. Alitazama pasipoti, akatazama nje kwenye baiskeli, akaniuliza naelekea wapi. Nikasema Lusaka. Akauliza niko na nani, nikasema niko peke yangu, na kusema hivyo kwa sauti kulinitisha kuliko nilivyotarajia. Nikafikiri kidogo kwamba bado lori halijaondoka. Alipiga muhuri akanionya kwamba huko mbele kuna upepo mkali. Alikuwa mkweli. Kutoka Namanga mpaka Longido niliendesha nikilia, machozi yakikaushwa kabla hayajafika shavuni, na sikuwa nalia kwa huzuni. Nilikuwa nagombana na Kapteni kwa sauti, barabara nzima, namjibu yale niliyomeza tangu Kitengela. Ng'ombe wa kando ya barabara waliyasikia yote.

Longido kulikuwa na mama aliyeuza chakula chini ya paa la mabati, na benchi mbili ndefu. Nilipoegemeza baiskeli alinikaribisha kwa ile sauti yao laini ya upande ule, akaniambia, "Pole na safari, dada, kaa upumzike," akaja na birika na beseni akanimwagia maji mikononi. Nilitazama mikono yangu ikioshwa na mtu mwingine. Akaniletea wali, maharage na mchicha, vimepangwa vizuri, mvuke unatoka. Nilianza kula polepole kisha haraka. Sikuwa nimetulia, sikuwa nimesamehe, hasira ilikuwa imekaa nami kwenye benchi ile ile, na chakula kilikuwa kitamu mno.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipomwona mtu akija kutoka upande wa Namanga, amejipinda kwenye usukani, sweta la bluu limefungwa kiunoni. Alikuwa Yusuf. Aliegemeza baiskeli yake kwenye yangu, akafuta vumbi usoni, akaja akasimama mbele ya meza. Hakusema Kapteni anaendeleaje. Hakusema lolote kuhusu Bisil, wala kuhusu viatu vyake. Alikaa kwenye benchi upande wa pili, akaweka mikono mezani, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama kila jioni tangu tuondoke.

"Leo tunakula nini?" akauliza.

"Muulize mwenye chakula," nikamwambia, nikavuta sahani yangu karibu, nikaendelea kula.